Wanaojitolea hawakimbizwi na mishahara ya wenzao, wanakimbizwa na kunyimwa kauli

Dada, nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wakuu waliotangulia, na suala hili linanigusa kwelikweli. Kwa atakayeanzia hapa: mleta mada na wenzake walianzisha tovuti ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari. Walimu wa shule mbalimbali wanapandisha notisi na kujibu maswali jioni bila kulipwa. Tovuti imekua, mfadhili amepatikana, wameajiri watu wanne na kupanga ofisi Arusha. Tangu hapo walimu wanapungua, grupu la WhatsApp limepoa, na wafanyakazi nao wanalalamika kwamba walimu ni wagumu. Anauliza kama tatizo ni mishahara, na kama amwajiri kijana anayejibu maswali ya hesabu kuliko wote.

Wengi wamekujibu kwamba walimu wameona wivu, kwa hiyo nao wapewe chochote. Sikubaliani na jibu hilo, na naomba nieleze kwa urefu kwa sababu ukilifuata unaweza kumaliza hela ya mfadhili na walimu wakaondoka vilevile.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nimechangia Wikipedia ya Kiswahili kwa miaka bila malipo, na ninaendelea. Baadaye niliajiriwa kuratibu wanaojitolea katika asasi moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Ilikuwa inawasaidia wakulima: mkulima anauliza kwa simu, mabwana shamba na mabibi shamba, wengi wao wastaafu, wanajibu. Iliendeshwa hivyo kwa upendo tu mpaka mfadhili alipoingia, kama ninyi.

Kilichowavuruga ni fomu. Mfadhili alitaka takwimu, jambo ambalo ni haki yake. Wafanyakazi wakakaa kikao chao cha Jumatatu, wakaamua kwamba kabla jibu halijatumwa, anayejibu ajaze wilaya ya mkulima, jinsia, umri, zao, ukubwa wa shamba na vitu vingine kadhaa. Ijumaa wakatuma tangazo kwenye grupu: "Wapendwa, kuanzia Jumatatu tutaanza kutumia utaratibu mpya." Wakaweka na alama za mikono iliyokunjwa ya shukrani.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Njombe, bwana shamba mstaafu, aliyekuwa anajibu maswali ya viazi na parachichi karibu kila jioni. Majibu yake nilikuja kuyasoma baadaye yote. Alikuwa hataji dawa mpaka mkulima ampigie picha ya jani upande wa chini, kwa sababu ule ukungu mweupe wa baka jani unaonekana huko kwanza. Akishaiona, anaandika mistari mitatu minne inayoeleweka, anaongeza kipimo cha dawa kwa bomba la lita 15 au 20, anamaliza kwa kumtakia mkulima mavuno mema. Baada ya fomu kuanza alijibu maswali machache tu. Kisha akaandika kwenye grupu, "Nimejibu humu tangu hakuna ofisi. Leo natangaziwa," akatoka. Wiki hiyo wakatoka na wengine.

Ofisini tafsiri ikawa kwamba wazee hawapendi mabadiliko. Niliajiriwa moto ukiwa umeshawaka, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuwapigia simu walioondoka. Mzee wa Njombe hakutaja mshahara wa mtu yeyote. Alichosema ni kwamba wilaya, jinsia na umri mkulima anaweza kuulizwa mara moja tu anapojiunga, na ukubwa wa shamba wafanyakazi wanaweza kuuliza kwa simu kwa wakulima wachache wa mfano, badala ya kumuuliza kila mtu kila siku. Jibu hilo alikuwa nalo tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza. Tulipolipeleka kwa mfadhili alilikubali bila tabu, fomu ikabaki na visanduku viwili.

Ndiyo maana nasema, dada, mtu anayejitolea analipwa kwa kauli. Amekupa jioni yake, bando lake, na ujuzi alioupata kwa miaka, na anachopata ni kwamba kitu hiki ni chake pia na neno lake lina uzito. Siku mnapoajiri, kauli hiyo inahama kimyakimya kutoka kwenye grupu kwenda kwenye kikao cha Jumatatu. Hakuna anayekusudia. Wafanyakazi wako chumba kimoja, wanaongea wakinywa chai, wanafika mwafaka, na wanadhani waliomo humo ndio watu wote. Mwalimu aliye Kibondo analetewa maamuzi yaliyokwisha kufanyika.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Wikipedia yenyewe, na mambo yake mengi yako hadharani, yanasomeka. Wikipedia ilianza Januari 2001. Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida linaloiendesha, liliundwa Florida Juni 2003 na baadaye likahamia San Francisco. Lilianza bila waajiriwa, leo lina mamia. Katika kukua kote huko kuna mpaka haukuvukwa: hakuna anayelipwa na shirika hilo kuandika makala. Analipwa anayetunza seva, mwanasheria, mhandisi wa programu, mchangishaji wa fedha, msimamizi wa ruzuku. Makala zinaandikwa, zinahaririwa na zinafutwa na watu wa kujitolea. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili anayekesha kwenye "mabadiliko ya karibuni" akifuta matusi ni mkabidhi, ndivyo tunavyowaita wasimamizi wetu, na mkabidhi halipwi.

Pamoja na mpaka huo, wachangiaji na ofisi, yaani waajiriwa wa Wikimedia Foundation, waligombana, tena vibaya. Agosti 2014 ofisi ilikuwa imeleta kionyeshi kipya cha picha, Media Viewer. Ukibofya picha, inafunguka kubwa juu ya ukurasa mweusi. Wachangiaji wa Wikipedia ya Kijerumani walijadiliana, wakapiga kura, wakasema kisiwashwe kwa wasomaji wote bila wao kuchagua. Msimamizi mmoja wa kujitolea akakizima kwa kubadilisha msimbo wa tovuti. Ofisi ikajibu kwa kuunda ngazi mpya ya ulinzi iliyoitwa superprotect, ambayo hata wasimamizi waliochaguliwa na wenzao hawakuweza kuifungua. Ufunguo ukabaki kwa waajiriwa peke yao. Mamia ya watu walitia saini barua ya kupinga. Kufuli hilo liliondolewa Novemba 2015, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na mpaka leo wachangiaji wa zamani wa Kijerumani wakilitaja utaona bado linauma.

Ukiyasoma majadiliano yale unaona kwamba hoja ya picha ilikwisha mapema sana. Watu waliumia kwamba walifuata taratibu zao zote, wakapiga kura, kisha mtu mwenye mshahara akaonyesha kwa mistari michache ya msimbo kwamba kura yao haina kazi. Hebu angalia tovuti yenu: nani ana nywila za kuhariri mada, kupanga masomo, kufuta notisi zilizopitwa na wakati? Kama kabla ya ofisi walimu wanaosimamia kila somo kwenye tovuti (wakuu wa somo) walikuwa nazo na sasa zimehamia kwa afisa wa tovuti "kwa ajili ya usalama", umeshapata sehemu ya jibu la swali lako.

Nisieleweke kwamba wanaojitolea wana haki kila mara. Hapana. Julai 2013, mwaka mmoja kabla ya sakata hilo, ofisi ileile iliwasha VisualEditor kwenye Wikipedia ya Kiingereza, yaani kihariri kinachokuwezesha kuandika kama unavyoandika kwenye Word bila kugusa msimbo wa wiki. Kilikuja na kasoro nyingi, wachangiaji wakakasirika, na kufikia Septemba kikaacha kuwa chaguo la kawaida huko. Hasira ile ilikuwa na sababu zake. Lakini ofisi ilikuwa imeona jambo la kweli ambalo wakongwe hawakuliona, kwa kuwa wakongwe walishazoea mabano na nyota za msimbo. Mimi leo nikifundisha wanaoanza nawafundisha kwa kihariri hichohicho. Ukimfungulia mwanafunzi wa chuo ukurasa wa msimbo siku ya kwanza, nusu saa tu amechoka.

Kuna la uzito zaidi. Utafiti wa 2011 wa wachangiaji wa Wikipedia ulionyesha wanawake hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Sue Gardner, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Wikimedia Foundation wakati huo, aliweka lengo la kufikisha asilimia 25 ifikapo 2015, na halikufikiwa. Kundi la kujitolea likiachwa peke yake linaweza kugeuka kuwa la wanaofanana, wanaojuana, wanaomfokea mgeni kwa kosa la kwanza. Mmeajiri watu, basi watumieni kuwasemea wasio kwenye grupu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetumia simu ya mama yake hayumo kwenye grupu la walimu. Mfanyakazi akija na ushahidi, kwamba wanafunzi wengi wanaishia katikati ya notisi za fizikia kwa sababu faili ni kubwa mno kwa bando lao, walimu watasikiliza. Ila aje na ushahidi na swali. Asije na tangazo.

Kuhusu mfadhili. Umesema mkataba mmeuweka siri "kwa sababu za kitaaluma". Tafadhali fikirini upya. Mwaka 2015 Wikimedia Foundation ilipata ruzuku ya dola 250,000 kutoka Knight Foundation, taasisi ya ufadhili ya Marekani, kwa ajili ya mradi wa teknolojia ya utafutaji. Kwa kiwango chao hazikuwa fedha nyingi. Ila wachangiaji na hata wafanyakazi wenyewe hawakuwa wanajua kwa uwazi mradi ule unalenga nini, na maelezo yaliyotoka yalikuwa yanapingana. Desemba 2015 bodi ilimwondoa mjumbe mmoja aliyekuwa amechaguliwa na wanajumuiya, James Heilman, daktari, naye akasema hadharani kwamba alikuwa akidai uwazi. Bodi ilitoa sababu zake za tofauti. Wafanyakazi kadhaa waliondoka, na Februari 2016 mkurugenzi mtendaji Lila Tretikov akajiuzulu. Ninachokiona mimi hapo ni kwamba imani ya wafanyakazi kwa wakubwa wao na imani ya wanaojitolea kwa ofisi zilivunjika mahali pamoja, kwenye siri. Kwenu walimu wameshaambiana kwamba mmepata mamilioni. Msipoweka kiasi hadharani, kila mtu atajitajia chake, na hakitakuwa kidogo.

Sisi tulifanya hivi: tukaandika ukurasa mmoja, kiasi kilichopatikana, kinaenda wapi (mishahara kwa jumla, seva, pango, mafunzo), na mfadhili anataka nini. Tukaubandika kwenye grupu. Kulikuwa na maswali makali kwa siku mbili tatu, hasa kuhusu pango. Kisha yakaisha.

Sasa posho, kwa sababu najua hapa kwetu ndipo penye mtihani.

Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta mpakato na simu. Makala ziliongezeka haraka. Tangu hapo nimeshuhudia mashindano mengine mengi ya waandaaji mbalimbali, na mkondo wake ni uleule: kukiwa na zawadi, "mabadiliko ya karibuni" yanakimbia, zawadi zikigawiwa, majina yanapotea. Anayebaki ni mkabidhi na rundo la makala zilizotafsiriwa na mashine, ambapo ukingo wa mto umeitwa benki kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa neno moja. Nimesafisha makala za aina hiyo mpaka usiku wa manane. Kusafisha makala mbovu kunachukua muda kuliko kuiandika upya, na aliyeiandika ndiye aliyepewa cheti.

Kwa hiyo ushauri wa kumlipa mwalimu kwa kila swali analojibu, ambao mkuu mmoja ameuandika hapo juu kwa nia njema, usiufuate. Utapata majibu mengi, mafupi, mengine yamenakiliwa. Na yule mwalimu aliyekuwa anatumia dakika arobaini kuchora kwa mkono mchoro wa moyo, akaupiga picha, akaandika mishale, ataona kwamba dakika arobaini zake zina bei sawa na "angalia kitabu ukurasa wa 62".

Ila kumrudishia mtu gharama zake ni jambo tofauti kabisa, na hapo muwe wakarimu na wepesi. Bando la mwezi kwa kila anayefikia kiwango mlichokubaliana, sawa kwa wote, litumwe tarehe moja kila mwezi kwenye simu bila mtu kuombaomba. Nauli ya mafunzo kwa viwango vilivyobandikwa wazi: wa Moshi hiki, wa Singida hiki. Kilichowahi kutuletea ugomvi mkubwa kwenye mafunzo mamoja Morogoro hakikuwa udogo wa nauli. Watu wawili waliokaa siti moja kwenye basi walirudishiwa viasi tofauti kwa sababu mmoja alikuwa anafahamiana na mhasibu. Hilo lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko mafunzo yenyewe.

Na tuseme ukweli mwingine ambao kwa Wajerumani haupo sana. Kule wengi wanaojitolea wana kazi au pensheni. Hapa sehemu kubwa ya wanaojitolea ni vijana waliomaliza chuo na hawana ajira, na wanajitolea wakiamini kwamba nafasi ikitoka watakumbukwa. Matumaini hayo ni halali, na msiyachezee. Mwambieni mtu siku ya kwanza kwamba hakuna ahadi ya ajira. Kisha mpeni kinachowezekana: barua nzito inayoeleza alichofanya kwa undani, mafunzo yenye maana, na mtu wa kumtaja kama mdhamini atakayepokea simu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 Dar es Salaam, uliwatumia wanafunzi wa vyuo kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi kuchora ramani za mitaa inayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, na katika kazi hiyo ikazaliwa asasi ya Kitanzania ya OpenMap Development Tanzania. Walijifunza ufundi ambao waliweza kusimama nao.

Kuna eneo moja ambalo kauli isiachwe kwa wanaojitolea, na hapa sitaki mzungushane. Ni usalama wa watoto. Ninyi mna wanafunzi chini ya miaka 18 wanaozungumza na watu wazima wasiowajua. Kwetu aliwahi kutokea mjibu maswali mmoja aliyemfuata binti wa mkulima kwenye meseji binafsi. Wenzake walilijua kabla ya ofisi. Wakanyamaza, kwa sababu ni mwenzao, ana mchango mkubwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Hilo halimaanishi walikuwa watu wabaya. Mtu asiye na mkataba, asiye na mwanasheria, anayejulikana kwa jina na namba ya simu, huwezi kumbebesha mzigo wa kumshtaki mwenzake. Kazi hiyo ni ya mwajiriwa.

Lakini utaratibu wake uandikwe na kukubaliwa na wote kabla tukio halijatokea. Juni 2019 Wikimedia Foundation ilimfungia kwa mwaka mmoja msimamizi wa muda mrefu wa Wikipedia ya Kiingereza, bila kupitia kamati ya usuluhishi inayochaguliwa na wachangiaji na bila kuweza kueleza sababu hadharani. Wasimamizi wapatao ishirini walijiuzulu. Mwishowe shauri likarudishwa kwa kamati hiyo, ikamfungulia lakini haikumrudishia usimamizi. Huenda ofisi ilikuwa na sababu nzuri kabisa za kulinda waliolalamika. Tatizo, watu walikuwa wanaona utaratibu huo kwa mara ya kwanza siku ya hukumu. Baada ya hapo ndipo ikaandikwa kanuni ya maadili ya pamoja kwa miradi yote, ikaidhinishwa na bodi Desemba 2020, na utekelezaji wake ukajadiliwa na kupigiwa kura na wachangiaji wa lugha nyingi. Ninyi andikeni yenu sasa hivi, kurasa mbili zinatosha: nani analalamika kwa nani, nani anaamua, nini kinabaki siri, nani anaweza kukata rufaa. Walimu washiriki kuiandika. Na hakuna mwalimu kuchati na mwanafunzi nje ya ukurasa wa maswali, bila kujali ana mchango kiasi gani.

Nimewasema wafanyakazi, sasa niwatetee, maana nao wanaumia na kwenye uzi huu hawana msemaji. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa anapokea sauti za WhatsApp saa tano usiku kutoka kwa watu wanaojitolea, wengine wakifoka, kwa sababu muda wao wa kujitolea ni usiku na wanaona kila anayelipwa yuko kazini muda wote. Yeye naye alikuwa ameanza kama mtu wa kujitolea, kwa hiyo alijibu. Akachoka, akaanza kuwaona wote ni kero, akaanza kuongea nao kwa lugha ya matangazo. Huo ugumu wa walimu wanaoulalamikia wafanyakazi wako huenda ni uchovu wao wenyewe tu.

Tulichofanya, na kilisaidia: namba ya ofisi ikawa tofauti na namba za watu, na saa za kujibu zikaandikwa kwenye maelezo ya grupu. Mfanyakazi anayetaka kujibu maswali ya wakulima kwa mapenzi yake baada ya saa za kazi akaruhusiwa, kwa akaunti yake binafsi. Hili tuliliiga Wikimedia, ambako waajiriwa wakiandika kwa niaba ya ofisi wanatumia akaunti yenye herufi WMF mwishoni mwa jina, na wakiandika makala kwa mapenzi yao wanatumia akaunti nyingine, ambayo haina uzito wowote wa ziada. Utaona ni jambo dogo. Lakini mwalimu akijua kwamba hapa anabishana na mwalimu mwenzake, siyo na ofisi, anabisha kwa uhuru. Na mfanyakazi naye anapata mahali pa kukosea bila kuitwa msemaji wa shirika.

Kikao cha Jumatatu kibaki, ila ajenda zake zitoke Alhamisi kwenye grupu. Kila jambo linalobadilisha kazi ya mwalimu lisiamuliwe kabla halijakaa huko wiki mbili. Watu wenu wa ofisi watasema inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha, na wakati mwingine utatamani kupiga kelele. Mambo ya fedha, sheria na watoto ofisi iamue bila kungoja, kisha itoe taarifa. Mambo ya notisi ipi iwekwe, jibu lipi ni sahihi, nani awe mkuu wa somo, ofisi isiwe na kura kabisa.

Kijana wa hesabu. Usimwajiri kwa kujibu hesabu. Siku atakayolipwa kwa kazi hiyo, walimu wengine wa hesabu watajiuliza wao wanajibu kwa nini, na watakuwa na hoja. Lipeni kazi ambazo hakuna aliyekuwa anajitokeza kuzifanya: kunakili data kila wiki, taarifa za fedha, kufuatilia barua za wizara, kupokea malalamiko. Kama mnahitaji mratibu wa walimu, tangazeni nafasi wazi, na kwenye usaili wawepo walimu wawili waliochaguliwa na wenzao. Kijana aombe kama wengine. Akipata, aache ukuu wa somo la hesabu siku hiyohiyo na walimu wamchague mwingine, naye akitaka kujibu maswali usiku ajibu kama mtu wa kujitolea. Akikosa, mwiteni mumweleze wenyewe ana kwa ana sababu za kukosa kabla hajazisikia pembeni.

Atakayepata nafasi hiyo, wiki yake ya kwanza asikae na kompyuta. Apige simu kwa walimu walioondoka, mmoja mmoja, awaulize ni jambo gani hasa liliwafanya waone hapa si pao tena, na aandike majibu kama yalivyosemwa bila kuyapamba. Msitume dodoso la mtandaoni, hawatalijaza. Ukiyapata hayo majibu, yalete hapa kwenye uzi bila majina ya watu. Na kama mfadhili anaruhusu, weka na kile kipengele cha takwimu anazozitaka kwenye taarifa. Nimeshasoma mikataba kadhaa ya aina hiyo, tukae nacho pamoja tuone kipi mwalimu hana sababu ya kukijaza.